Upande A Uishe Kwanza

Ukifika dukani kwake una haraka, ujue umekosea duka. Kariakoo nzima ilikuwa na haraka miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa. Watu waliopanga foleni ya sabuni na sukari miaka nenda rudi sasa waliona makontena yakishushwa mchana kweupe, redio, pasi, feni, viatu, na kila mfanyabiashara alitaka mzigo wake uishe kabla jirani hajafungua wa kwake. Yeye alikuwa na benchi la mbao, birika la chai ya tangawizi na beseni la bluu lililojaa maji ya bahari. Mteja aliyetaka redio ya kwenda nayo majini alikalishwa kwenye benchi na kupewa kikombe. Kisha redio ikatiwa kaseti, ikafungwa, ikazamishwa ndani ya beseni mbele ya macho yake, na haikutolewa mpaka upande mmoja wa kaseti uishe, yaani nusu saa nzima. Wengine waliondoka chai haijapoa. Hakuwaita.

"Upande A uishe kwanza," alimwambia kila mtu, mwenye gari na mwenye ndala, na kwa miaka yote niliyomfahamu sikusikia akibadilisha hata neno moja.

Nitamwita Mwenye Duka, maana ndivyo mtaa ulivyomwita, ingawa mtaa wenyewe ulikuwa na mwenye duka kila mlango. Duka la mama yangu la masufuria na vikombe lilikuwa mtaa wa pili, upande wa Msimbazi. Lake lilikuwa kwenye kona unapoelekea Gerezani, chini ya ghorofa ya zamani yenye sakafu ya mbao, na huko juu ndiko alikokaa na mkewe. Mbao zile zilikuwa zinasema kila kitu. Mkewe akitembea jikoni, Mwenye Duka aliinua uso pale kaunta na kututangazia kwamba chapati zimeanza kuchomwa, au kwamba mama leo amenuna. Nilidhani ni utani, mpaka siku nilipopanda kumsalimia yule mama nikamkuta amenuna kweli.

Masikio yake yalikuwa ya ajabu. Ukisimama mlangoni na hedifoni shingoni, zinalia kidogo tu, angekwambia spika ya kushoto imekufa. Redio kubwa za maduka ya jirani zikipigwa zote kwa pamoja, yeye alilalamikia moja tu kati ya hizo, ile ambayo kaseti yake inaburuta. Alikuwa Mhindi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mimi nilikuja mjini nikiwa mkubwa, na kila nilipovuta maneno kama tunavyovuta kwetu Moshi aliniiga vizuri kiasi kwamba mama yangu, siku moja akiwa nje, aliitika akidhani ni mjomba.

Watu alikuwa akiwajua kwa miguu kabla hajawaona. Mimi alinijua kwa fimbo.

Niligongwa na pikapu iliyobeba vipuri pale Gerezani, paja likavunjika mahali pawili, nikalala miezi. Nilipoinuka mguu wa kushoto ulikuwa mwembamba kuliko wa kulia, na mkononi nilikuwa na fimbo ya chuma. Daktari hakunificha kitu. Niingie majini kila siku, maji ya kifua, nitembee nusu saa bila kusimama. Nikifanya hivyo mwaka mzima mguu utarudi. Nisipofanya, utabaki kama nilivyouona. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na sikutaka ubaki kama nilivyouona. Basi kila asubuhi nikapanda pantoni pale Kivukoni, nikavuka kwenda Kigamboni, nikaingia baharini na kuanza kuhesabu hatua, na nikifika mia mbili nalia. Haikuwa maumivu peke yake. Nilichoka kusikiliza pumzi zangu mwenyewe, na nilijijua kwamba kwa mtindo ule nitaacha kabla mwezi haujaisha.

Ndiyo maana nikaenda kwake kutafuta muziki. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikamwambia nataka wokmeni, redio ndogo ya kaseti isiyoingia maji, ile ya njano. Nilitegemea aniulize nina shilingi ngapi. Aliniuliza maji yatanifika wapi. Nikamwambia kifuani. Akauliza kama huwa nateleza nikazama, nikakiri kwamba nateleza. Akauliza kama boti hupita karibu, na kama nywele napaka mafuta gani. Mafuta ya nazi, nikasema, nikianza kuudhika, maana sikuja kwa msusi. Akatikisa kichwa kwa huzuni kabisa na kunieleza kwamba mafuta yanakula mpira, na mpira mwembamba unaozunguka kifuniko ndiyo redio yenyewe. Mengine yote ni mapambo.

Hapo hapo nilipewa darasa zima. Kuna redio ya kuvumilia matone, hiyo ni ya mpiga makasia, anayerushiwa maji na kukauka. Kuna redio ya kuzama, hiyo ni ya mwogeleaji, na kifuniko chake lazima kiwe na kibano kinachokataa mpaka ukilazimishe kwa kidole gumba. Wauzaji wengi wanakupa ya kwanza kwa jina la ya pili. "Rangi ya njano haizuii maji," alipenda kusema, na alikuwa akilisema hilo kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara, kwa jirani aliyejaza za njano mpaka darini. Kuhusu hedifoni alikuwa mkali zaidi. Zile za sponji zinazokaa juu ya sikio alikataa kabisa kuziuza kwa mtu wa majini. Alitaka zile ndogo za mpira zinazoziba tundu la sikio, kwa sababu maji yakipita katikati muziki unakuwa kama mtu anaongea ndani ya blanketi. Ila mwenye kupiga makasia alimwonya aache sikio moja wazi asikie injini za boti. Na sauti isipite nusu. Hapo aliinua kidole. Nusu tu, mtu akipita nusu atakuwa anauza masikio yake kwa nyimbo tatu.

Baada ya darasa hilo hakuniuzia kitu. Aina aliyokuwa nayo ilikuwa mpya, na aina mpya ilikuwa na jando lake: nusu saa kwenye maji ya bahari, kisha kukaushwa juani na chumvi yake, kisha kuzamishwa tena, siku saba. Alikuwa ameanza juzi. Rudi wiki ijayo, akasema. Wiki ijayo kifuniko kilikuwa kimeanza kukaa upande, akaitupa kwenye boksi la takataka na kuanza aina nyingine. Rudi wiki ijayo.

Niseme jinsi mambo hayo ya maji ya bahari yalivyoanza, maana mtaa ulikuwa na hadithi nyingi na nyingine ni za uongo. Redio za majini zilimfikia kwa bahati mbaya. Aliagiza redio za kawaida kutoka Dubai, na kontena lilipofunguliwa kukawa na katoni moja ya za njano ambazo hakuziomba. Majirani walicheka sana. Nani anaogelea Kariakoo? Badala ya kuzirudisha akaanza kutafuta wanaoogelea, na akawapata, watu wa makasia, watu wa kuteleza majini kwa mbao zenye tanga, wazee waliofuata hewa ya asubuhi. Kila redio aliipima kwenye beseni kabla ya kuiuza, ila beseni alilijaza kwenye bomba la uani. Bomba ndilo lililokuwa karibu. Zote zikapita. Kisha kijana mmoja mpiga makasia akarudi na ya kwake siku ya tatu, imekufa, ndani imeota kutu na unga mweupe. Hakugomba, aliiweka tu kwenye kaunta na kuuliza kama beseni lina chumvi.

Mwenye Duka alifunga duka saa nne asubuhi. Mkewe alinisimulia kwamba hakuwahi kumwona akiona aibu namna ile hata siku ya harusi yao alipojikwaa mbele ya wakwe. Akachukua dumu, akaenda kwa miguu mpaka Feri, kwenye soko la samaki. Sasa huyu ni Mhindu asiyekula nyama wala samaki, mtu ambaye yai likivunjika chumba cha pili anajua. Alipita katikati ya mnada, madalali wakinadi nguru na changu, leso puani, dumu mkononi, na wauzaji wakamuuliza anataka samaki gani. Akawaambia anataka maji. Walimcheka, wakampa nafasi, akachota.

Baadaye alimpata mtu wa mkokoteni wa kumletea dumu mbili kila wiki. Siku moja yule bwana aliona uvivu wa kwenda mpaka Feri, akajaza bombani na kutia chumvi ya jikoni. Mwenye Duka alichovya kidole, akaonja, akafumba macho. "Hii ni ya mchuzi," akasema, akamwaga yote mtaroni. Yule bwana alinisimulia mwenyewe, bado akishangaa. Sijui kama kweli ulimi wa mtu unaweza kutofautisha. Ninachojua ni kwamba hakudanganywa tena.

Na mtu huyu hakuwa anajua kuogelea. Bahari aliiogopa. Aliwahi kuniambia kwamba maji yakimpita kifundo cha mguu anasikia moyo unapanda shingoni. Alizungumza juu ya mawimbi, chumvi na mikondo kama nahodha, na ujuzi wake wote ulikuwa umetoka kwenye beseni la bluu. Nilimtania kwa hilo mara nyingi. Naye alinijibu kwamba fundi cherehani wa magauni hana haja ya kuvaa gauni.

Ukinzani mwingine sikuutania, na leo najilaumu. Yeye aliyetuinulia kidole tusipite nusu, alipopima aliweka sauti mpaka mwisho. Alikaa kwenye kiti chake kidogo, hedifoni zimeziba masikio, mkono wa kulia umezama kwenye beseni, kiganja kimeishika redio ili asikie mota ikizunguka, macho kafumba. Alisema tone la kwanza la maji likiingia linatoa mkwaruzo mdogo sana, na kwa sauti ya nusu huwezi kulikamata. Kila redio, kila hedifoni, upande mzima wa kaseti, miaka yote hiyo. Tulikuwa tunakaa pale tunakunywa chai yake na kumwangalia.

Basi, hizo wiki mbili za rudi wiki ijayo zilinishinda. Nilivuka barabara nikanunua kwa jirani, ya njano, nikaificha ndani ya khanga nisionekane. Siku moja ilipiga vizuri, nikatembea majini nusu saa bila kuhesabu, nikacheka peke yangu. Siku ya pili ikanyamaza katikati ya wimbo. Na mimi nikaacha. Nilijiambia napumzika siku mbili, zikawa wiki, zikawa wiki tatu. Nikipita kona ile nilipita upande wa pili wa barabara, kwa aibu.

Asubuhi moja aliniita. Alikuwa amesimama mlangoni, na barabara ilikuwa imejaa mikokoteni na honi.

"Binti," akasema, "hujaingia majini wiki tatu."

Nikamdanganya kwamba naingia.

"Macho yangu mabovu, lakini mguu wako nausikia. Zamani kushoto kulikuwa kunachelewa. Sasa kunaburutwa."

Nilikaa kwenye benchi nikalia mbele ya wateja. Nikaitoa ile redio kwenye mkoba, maana nilikuwa nikitembea nayo kama mtu anayetembea na ushahidi dhidi yake mwenyewe. Aliifungua kwa bisibisi, akaona kutu, akaona mpira umejikunja. Nilisubiri aniseme. Akasema amekosea yeye, kwamba mguu hausubiri siku saba na alipaswa kulifikiria hilo. Kisha akaingiza mkono chini ya kaunta akatoa redio ya kijivu iliyopauka kwa chumvi, yenye hedifoni za mpira zilizoungwa waya. Ilikuwa ya kwake ya kupimia hedifoni, imezama kwenye beseni lile mara nyingi kuliko nyingine yoyote.

"Hii siiuzi," akasema. "Ukipona utairudisha mwenyewe kwa miguu yako. Nikusikie ukija."

Kesho yake aliniletea dukani kwa mama kaseti aliyoirekodi usiku kucha, kwa kunung'unikiwa na mkewe. Alikuwa amechagua nyimbo kwa mguu wangu. Mbili za mwanzo za taarabu, za pole pole, kisha dansi la wastani, kisha wimbo mmoja wa ibada wa kwao wenye ngoma inayorudi pale pale bila kubadilika, ambao mpaka leo sijui maneno yake lakini mguu wangu wa kushoto unaujua. Upande A ulikuwa nusu saa kamili. Upande B aliuacha mtupu, nisije nikajizidishia.

Niliingia majini na redio ile kila siku ya Mungu. Jioni nilipita dukani, naye alisikiliza hatua zangu toka kona mpaka benchi na kunipa taarifa. Kunachelewa kidogo. Leo kumechelewa zaidi, umekula nini. Leo kunajitahidi. Lakini mwaka haukuisha nikiwa pale. Mama aliniozesha Mwanza, nikaondoka na fimbo bado mkononi na redio ndani ya sanduku, nikaahidi kuirudisha. Mwanza nako kuna maji. Niliendelea ziwani, na siku moja, sikumbuki hata ipi, nilirudi nyumbani nikagundua fimbo nimeisahau ufukweni. Sikurudi kuichukua.

Ningepaswa kupanda treni wiki hiyo hiyo. Nikazaa, nikafungua duka, nikazaa tena. Kila mwaka nilisema mwaka huu. Nilipoteremka Dar hatimaye kaseti zilikuwa zimekufa, vijana walikuwa na vidude vidogo kama kiberiti vyenye nyimbo mia, na kwenye kona ile mtu mwingine aliuza makava ya simu. Nilipouliza, akanielekeza juu kwa kidole.

Nilipanda ngazi nikikanyaga kwa nguvu makusudi, ili anisikie. Nilifika mlangoni hakuna aliyeniita. Mkewe ndiye aliyefungua, akanikumbatia, akaniambia pale pale mlangoni kwa sauti ya kawaida, bila kunong'ona, kwamba mzee hasikii kitu tena. Masikio yote mawili. Kifaa cha kusikia alichonunuliwa na watoto wao alikitia kwenye droo kwa sababu alisema kinakwaruza.

Alikuwa amekaa dirishani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Nikamwamkia, nikaona anafuata midomo yangu, akaitikia. Niliona uchungu mkubwa sana, kwa sababu aliniomba jambo moja tu, anisikie nikija, na mimi nilikuwa nimelichelewesha mpaka haliwezekani.

Nikatoa redio nikampa. Aliipokea kwa mikono miwili. Akajaribu kibano kwa kidole gumba, akafungua, akapitisha ukucha kwenye mpira, akanusa vidole vyake. "Mafuta ya nazi," akasema kwa sauti kubwa, na mkewe akacheka kule jikoni. Ndani kaseti ilikuwa ile ile. Nilikuwa nimetia betri mpya stendi. Akabonyeza, akaishika kwenye kiganja, akafumba macho kama alivyokuwa akifumba kwenye beseni.

"Inazunguka," akasema.

Kisha akaniangalia miguu, akaangalia mkono usio na fimbo, na nikaona kwamba macho peke yake hayamtoshi. Akateremka kwenye kiti taratibu, akishika ukingo wa dirisha, mpaka akakaa chini. Redio akaiacha mkono wa kushoto. Kiganja cha kulia akakilaza kwenye sakafu ya mbao, vidole vimetanuka.

"Tembea," akasema.

Nilivua viatu nikatembea. Toka dirishani mpaka mlangoni, toka mlangoni mpaka dirishani, mbao zikilia chini yangu, na uso wake ukawa uleule wa mtu anayetafuta tone la kwanza. Nikafika mizunguko kumi, machozi yakanijaa nikashindwa kuona njia, nikasimama.

Hakufumbua macho. "Upande A uishe kwanza."

Nikatembea. Mkewe alileta chai, akaiweka mezani, akatupisha. Nilitembea bila kuhesabu, nikipishana na kivuli cha dirisha, mpaka kitufe cha redio kiliporuka chenyewe kwenye kiganja chake na mota ikasimama. Hapo akafumbua macho.

"Hatua zinafika pamoja," akasema, na redio akaitia mfukoni mwake.